Kisigino Mbele ya Pazia

Sehemu ya Tisa

"Numa, weka gitaa chini. Toka nyuma ya pazia, uje huku mbele."

Maneno hayo ya Mista Tolliver, mwenye Baa ya Korongo, yamewanyima usingizi wiki nzima, najua. Fundi wangu wa viatu alinishika mkono njiani akataka nimnong'oneze kama Numa Desvigne alitoka au alitimua mbio. Nami nawaambia nyote kwa pamoja: akimbilie wapi? Alitoka.

Kwanza aliliegemeza gitaa ukutani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akamgeukia Placide, mpiga dramu, rafiki yake tangu utotoni, angalau apate neno moja la kumtia moyo. Placide akainama akajifanya anakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Msimlaumu. Ana mke, ana watoto, na wenye baa wote wa Mtaa wa Bourbon walikuwa marafiki wa Tolliver.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, nisimwache njiani.

Baa ya Korongo ilikuwa kama baa zote za mtaa ule, hapa kwetu Louisiana, miaka hiyo ya ubaguzi wa rangi. Wapigaji walikuwa weusi, wachezaji wa madaha walikuwa wazungu, na kati yao lilining'inia pazia zito la mahameli. Binti anatoka mbele ya walevi, anavua glavu, anavua joho, anazungusha manyoya yake ya mbuni, na watu wetu wanampigia muziki bila kumwona hata kivuli. Pazia halikufunguliwa hata wakati wa mazoezi. Wakubwa waliogopa jicho la mtu mweusi kuliko walivyoogopa moto.

Utampigiaje mtu usiyemwona? Kwa kisigino. Bi Lorene, nyota wa Korongo, akigonga ubao kwa kisigino, bendi inafunga wimbo papo hapo, hata kama mpiga saksafoni yuko katikati ya pumzi. Numa alikizoea kisigino kile mpaka mkono wake ukawa unatii kabla akili haijapata habari.

Sasa siri. Bi Lorene hakuwa Lorene. Alikuwa Odile Desvigne, mdogo wake Numa, tumbo moja, baba mmoja, msichana wa mtaa wetu wa Tremé aliyezaliwa na ngozi ya maziwa na nywele za kuteleza. Aliaga kwamba anakwenda Chicago kushona nguo, kisha kimya. Kumbe hakwenda popote, alivuka tu upande wa pili wa rangi, akaishi kama mzungu. Kwetu waliovuka ni wengi. Na mtu wako akishavuka, ukikutana naye njiani humsalimii wala humtazami, unampita kama nguzo ya taa, hata kama ulimnyonyesha mwenyewe. Hiyo ndiyo zawadi pekee tunayoweza kumpa, na inauma kuitoa.

Numa alimtambua kwa kicheko, kicheko kinachoanza na kwikwi, kile kile cha marehemu baba yao. Hakuliamini sikio lake. Akaipasha moto ncha ya uzi mnene wa gitaa kwenye sigara, akatoboa pazia mbele ya kiti chake, akachungulia uso. Uso tu, Mungu ni shahidi. Akamwona dadaye akiwa hai, amejaa nyama, anacheka. Alilia huku anapiga gitaa, na lile tundu akasahau kulishona. Hapo ndipo alipokosea.

Haya, tuendelee.

Mbele kulikuwa na mwanga wa mchana kutoka mlango wa barabarani, viti vimepinduliwa juu ya meza, na harufu ya bia iliyochacha. Mista Tolliver amekaa na suruali yake ya mistari. Karibu naye sajini wa polisi, mtu mnene aitwaye Krebs, anakula mkate uliosheheni chaza wa kukaanga, wa bure kama kawaida yake. Na pembeni, amejiegemeza kwenye kaunta na tabasamu la paka aliyekomba maziwa, amesimama Verna Dukes, mchezaji wa pili wa Korongo, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anaililia nafasi ya Lorene.

Lorene mwenyewe yuko katikati ya jukwaa, amejifunika joho la hariri mpaka shingoni. Numa akatazama viatu vyake yeye mwenyewe.

Mista Tolliver akaanza kwa upole, na mnajua upole wa mtu yule. Akasema Verna ameleta habari. Siku ya Watakatifu Wote, watu wanapopamba makaburi ya wazee wao, Verna alipita makaburini, akamwona Lorene upande wa watu weusi, ameshika ndoo ya chokaa na brashi, anapaka kaburi. Mwanamke wa kizungu kapiga magoti, anapaka chokaa kaburi la nani huko?

Loo, Odile. Mtu wa kwetu anaweza kutupa jina lake, akatupa kanisa lake, akapita mbele ya mlango wa mama yake bila kugeuza shingo. Lakini siku ile ya Novemba ikifika na kaburi la baba yake lina ukungu, mikono inamuwasha. Hakuna mwizi, hakuna mlevi, hakuna aliyevuka wa Tremé ambaye hajawahi kurudi na ndoo. Mzungu asingefanya kosa hilo maishani. Na Numa pale akakumbuka jinsi yeye na mama yao walivyofika makaburini na kukuta kaburi limeshapakwa chokaa, maua mapya yamewekwa, na mama akawaombea heri watu wa chama cha kanisa.

Lorene alikuwa ameshajitetea, tena vizuri. Alisema kaburi lile ni la yaya aliyemlea, mama mmoja mweusi mwenye moyo wa dhahabu. Tolliver alipenda kuamini, maana Lorene ndiye aliyekuwa anaijaza baa. Lakini kupenda si kujua, na sajini alikuwa pale anatafuna na kusikiliza. Basi akawaza njia. Alisikia kwamba jumba moja la sinema lilimwajiri mzee mweusi akae mlangoni, kazi yake kutazama nyuso tu, awakamate weusi wanaojifanya wazungu.

"Sisi mnaweza kutudanganya," akasema, "lakini wenyewe kwa wenyewe mnajuana. Mtazame usoni, kijana. Uniambie ni wa kwenu au wa kwetu."

Kijana, jamani. Numa ana mvi.

Na angalieni dunia ilivyogeuka. Miezi yote hiyo mtu amefungiwa nyuma ya mahameli asije akamwona, leo anaamriwa amkodolee macho. Numa akajaribu kujifanya hamnazo. Akasema taa zinamuumiza, akasema macho yake yamechoka, akasema yeye ni wa nyuzi, mambo ya nyuso hayajui. Sajini Krebs akajipangusa midomo.

Numa akainua macho.

Kovu lilikuwa palepale, juu ya nyusi ya kushoto, chini ya poda. Yeye ndiye aliyelisababisha, siku aliyosukuma bembea kwa nguvu kupita kiasi, Odile akaruka akatua kwenye ukingo wa kisima. Alimbeba mgongoni mpaka kwa mama huku damu inamchuruzika yeye shingoni. Pua ilikuwa ya baba. Midomo ilikuwa ya mama. Mungu wangu, hata kipofu angejua.

Macho ya Odile yalikuwa hayasemi kitu. Yalikuwa makavu na mapana, yanamtazama kama yanavyotazama ukuta.

Lakini Numa alikuwa anajua kilichokuwa nyuma ya macho yale. Alikuwa amemsikia, kupitia pazia lile lile, akimsimulia mhudumu wa baa kwamba mwanawe Teddy ameota jino, na kwamba mumewe, mzungu, karani wa reli, amemchongea mtoto farasi wa mbao. Sheria ya Louisiana haikuwa na utani na watu kama hao. Lorene akijulikana ni mweusi, ndoa yake si ndoa tena, na Teddy anachukuliwa mikononi mwake kabla hajajua kutamka neno mama. Mpwa wa Numa huyo, ambaye Numa hajawahi hata kumshika kidole.

Basi akavuta pumzi, akatoa tabasamu lile tunalolitoa mbele yao.

"Bosi," akasema, "huyu mama ni mzungu. Kama huyu ni wa kwetu, basi mimi ni gavana."

Nyuma ya pazia Placide akakohoa kicheko. Tolliver akaangua chake, akapiga paja. Sajini akacheka mpaka makombo ya mkate yakamruka. Na Odile, masikini, naye akacheka bila kujizuia. Kwikwi kwanza, kisha kicheko.

Numa akageuka kutazama nani amekitambua. Lakini nani kati ya wazungu wale aliyewahi kumsikia mzee Desvigne akicheka? Hakuna. Kule nyuma, upande wa jikoni, bawaba ya mlango ililia kidogo, na hakuna aliyegeuka. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Mama Clémence humletea Numa, mwanawe, gumbo ya bamia na kaa kupitia mlango wa uchochoroni. Mama yule hakuwahi kuvuka jikoni kuingia ukumbini. Alikuwa akimwachia mpishi sufuria, anaondoka.

Mnapumua? Msipumue bado.

Tolliver alikuwa ameshainuka, amwambie Numa arudi kwenye kiti chake na mazoezi yaendelee. Verna akajitoa kwenye kaunta. Hakuwa na haraka. Akapanda jukwaani, akampita Lorene bila kumgusa, akafika kwenye pazia, akawa analipapasa kwa kiganja kama mteja dukani. Kisha akasimama.

"Mimi nimeshangaa kitu kimoja tu," akasema. "Mtu mweusi akiambiwa amtazame mzungu usoni, hutetemeka. Huyu amemtazama kama mtu aliyezoea."

Akapenyeza kidole kwenye mahameli. Ukucha wake mwekundu ukatokea upande wa pili, na mlio wa fimbo ya dramu iliyomponyoka Placide ukasikika mpaka barabarani. Tolliver akavuta pazia. Tundu lilikuwa mbele ya kiti cha Numa, sawasawa na jicho la mtu aliyekaa, na kingo zake zimeungua.

Sajini Krebs akaacha kutafuna.

Ndugu zangu, hebu simameni mahali alipokuwa amesimama Numa. Ameshasema kwa kinywa chake kwamba Lorene ni mzungu. Basi yeye sasa ni mtu mweusi aliyetoboa pazia amchungulie mke wa mzungu akivua nguo. Kwa kosa hilo kuna watu wa kwetu ambao hawakufikishwa hata mahakamani, waliokotwa mtoni. Akitaka kujiokoa, neno lipo, tena ni fupi: dada. Kaka kamtazama mdogo wake, wapi kosa? Lakini neno hilo likitoka, Teddy hana mama.

Uongo wake ulimwokoa Odile na kumchimbia yeye kaburi. Ukweli ungemtoa yeye na kumfukia Odile.

Sajini akaja akamshika ukosi. Akamwuliza kama tundu ni lake. Akamwuliza tena, safari hii kwa kiwiko tumboni. Nyuma ya pazia bendi nzima ilikuwa inasikia, watu ambao amekula nao na kulala nao safarini, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Wangefanya nini? Niambieni, wangefanya nini?

Sitawadanganya kwamba Numa alikuwa shujaa. Aliogopa. Akamwona akilini Ernestine, mkewe, amesimama mlangoni jioni na taa mkononi, anasubiri mtu ambaye harudi. Na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Bosi, naomba niseme ukweli. Huyu ni—"

Kisigino kikagonga ubao.

Mara moja tu, kikavu. Na Numa akanyamaza. Msiniulize kwa nini. Miezi yote ile kisigino kile kilikuwa kikigonga yeye anafunga wimbo, na hata sasa, roho ikiwa mkononi, mwili wake ulitii kabla yeye hajaamua. Neno likabaki kwenye ulimi. Alipotaka kulitoa tena hakuliona.

Tolliver akamgeukia Lorene. Akamwuliza kama alijua kwamba kuna jicho hapo.

Lilikuwa swali la mtego, hata kama mwenye kuuliza hakujua. Mwanamke wa kizungu aliyechunguliwa na mtu mweusi hasemi haidhuru, mwacheni aende. Akisema hivyo, Verna yupo, na ndoo ya chokaa ipo. Odile alilijua hilo. Alikuwa ameishi nalo kila siku tangu alipovuka, sokoni, kwenye basi, hata kitandani mwake. Akalikaza joho shingoni.

"Ndiye," akasema. "Nimeliona jicho lake hapo mara nyingi. Niliogopa kusema."

Sauti haikutikisika. Kisha akaugeuza uso wake upande wa taa, na mikono yake ikawa inatafuta mfuko kwenye joho lisilo na mfuko.

Najua mnataka kumlaani. Mimi mwenyewe nilimlaani, miaka mingi, kila nilipopita pale Korongo. Sasa nimezeeka na sijui nimlaani nani. Numa hakumlaani. Alipolisikia neno lile alishusha mabega kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa hatapona, angalau amejua, na akampa sajini mikono yote miwili bila kuombwa.

Pingu zikafungwa. Tolliver akatukana, akasema ataagiza pazia la turubai. Verna akaondoka kwenda kujipaka rangi ya midomo. Sajini akamsukuma Numa kuelekea mlango wa jikoni, maana gari lake aliliegesha uchochoroni.

Na mlangoni, amesimama, sufuria imefungwa kitambaa kifuani mwake, ni Mama Clémence.

Amesimama tangu saa ngapi? Tangu kicheko. Ile bawaba iliyolia ilikuwa mkono wake. Alikuwa anampa mpishi sufuria akasikia, kutoka ndani, kicheko cha mumewe aliyemzika. Miguu yake ikavuka kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamla macho, watu alikuwa akiwaona kama nguo zilizoanikwa ukunguni. Pingu hakuziona. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, nayo yalijaa kicheko kile, mengine yote hayakuingia.

"Huyu bibi ni nani?" sajini akauliza.

"Ni mama yangu, afande," Numa akasema. "Haoni vizuri. Amepotea njia."

Akamwambia mama, kwa sauti ya chini, arudi nyumbani, atamfuata. Mama akamnyamazisha kwa kiganja, kama alivyokuwa akimnyamazisha kanisani. Akampita. Bega lake lilikwaruza pingu za mwanawe wala hakulijua hilo. Akawa anakwenda katikati ya viti vilivyopinduliwa, anapapasa meza kwa mkono mmoja, sufuria kwenye mkono mwingine, uso ameuinua kuelekea jukwaani mahali kicheko kilipotokea.

Numa alitaka kupiga kelele. Aseme nini? Akisema mama usimwite, basi yupo wa kuitwa. Akisema mama njoo, mama haji. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa la kumwangusha Odile. Akabaki anatazama mgongo wa mama yake ukienda, na Sajini Krebs, pembeni yake, naye ameanza kuutazama.

Odile akamwona. Rangi ilimtoka, na kama kulikuwa na mtu bado ana shaka juu ya weupe wake, wakati ule asingekuwa nayo. Akagonga kisigino.

Mama Clémence akaendelea kutembea.

Akagonga tena, kwa nguvu, mpaka vumbi likaruka kwenye mbao. Nyuma ya pazia Placide alitokwa na machozi, maana yeye alikuwa anaielewa lugha ile. Lakini mama hakuwahi kukaa nyuma ya mahameli na gitaa magotini. Kwake yeye ilikuwa ni sauti ya kiatu tu, na ilimwonyesha njia.

Akafika. Akaiweka sufuria ya gumbo ukingoni mwa jukwaa, bado inafuka moshi, akaipangusa mikono yake kwenye aproni, akainyoosha yote miwili juu kuelekea uso wa yule mwanamke wa kizungu. Kisha akafungua kinywa.